Alama Nne za Mshtarii

Pale Viwanja Sitini, Ifakara, aliyetaka kumchokoza Evodius mpiga picha hakuhitaji matusi. Alimpa mkono uliotoka kushika samaki, basi. Evodius angeutazama mkono ule, angekunja pua, kisha angetoa ncha za vidole viwili tu, na mgeni akishageuka ungesikia maji yanamwagika uani. Watoto wa mtaa walimwita Bwana Sabuni. Alijua, na alifyonya, lakini hakuacha kunawa.

Kinyaa chake hakikuchagua. Chai hakunywa kwenye kikombe cha mtu. Kanisani, padri akisema tutakiane amani, Evodius aliinamisha kichwa huku mikono kaifunga nyuma. Mke aliwahi kuwa naye. Aliondoka mwaka wa pili, akawaambia watu amechoka kuishi na bwana afya. Evodius akabaki peke yake na studio yake ya vyumba viwili, nyumba yote ikinuka dawa za picha na sabuni ya mche.

Lakini usimcheke sana, maana kinyaa hichohicho ndicho kilichomlisha. Picha zake hazikuwa na doa. Bibi harusi aliyeingia studio na chunusi zake alitoka kwenye picha na uso kama yai lililomenywa. Mzee mwenye baka shingoni, baka liliyeyuka. Wanawake walisema kamera ya Evo ina mkono wa heri, na walitoka Namawala na mpaka huko kwenye mashamba ya miwa kuja kukaa mbele yake.

Heri gani! Kamera ilikuwa Zenit, kama Zenit ya mtu mwingine yeyote. Kazi yote ilifanywa na wembe. Picha ikishakauka Evodius alijifungia, akavunja wembe mpya apate pembe kali, akalikwangua doa polepole mpaka weusi ukatoka kwenye karatasi, kisha akapitisha penseli laini juu yake mpaka rangi zikalingana. Hakumwambia mtu. Fundi ana siri yake, na ukimfundisha mtu wembe leo, kesho anakufungulia studio mkabala na yako.

Ukutani, juu ya kiti cha wateja, ilining'inia picha ya marehemu mama yake, Yosefina. Mama huyo alipokuwa msichana alimwagikiwa na pombe inayochemka, ikamwachia kovu kubwa shavuni. Evodius alikua na kovu lile. Watoto wa Katindiuka, alikokulia, walimwita mwana wa shavu bovu, na yeye badala ya kuwachukia wao alilichukia shavu. Mama akimbusu alijifuta. Alipokuwa mwanafunzi wa fundi mmoja mzee mwenye kamera ile kubwa ya miguu mitatu, picha yake ya kwanza ilikuwa ya mama, na wembe wake wa kwanza ulilikwangua kovu lile kwenye negativu yenyewe, ile filamu inayozaa picha, kabla hata picha haijasafishwa. Mama aliitazama akacheka: “Mwanangu, huyu ni nani?” Evodius alidhani amesifiwa.

Basi mwaka wa tisini na nne, mpunga umeshavunwa na bonde zima linanuka moshi wa mabua, akaja studio mwalimu Tadei. Huyu alifundisha fizikia kwenye sekondari moja pale mjini, kijana mrefu wa miwani mizito, mtu wa kuchekacheka. Nyuma yake alisimama Stefania, binti wa Levina, dada yake Evodius. Stefania alikuwa kidato cha tatu.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba. Umenawa?”

Stefania alionyesha viganja, akavigeuza. Alishazoea.

Tadei akaeleza shida yake. Juu ya mlima, upande wa Mahenge, kulikuwa na misheni ndogo ya padri mmoja mzee aliyekuwa na darubini kubwa, kajenga na kinyumba chake cha mawe ambacho paa lake la bati linasukumwa pembeni ili mbingu ionekane. Watu wa huko walikiita nyumba ya nyota. Tadei alikuwa anawapeleka wanafunzi kupiga picha sayari, lakini shule haikuwa na kamera, wala fundi.

“Sayari,” alisema Evodius. “Na vyoo vya huko vikoje?”

“Ni misheni, fundi. Ni visafi.”

Evodius hakuamini kitu. Angekataa, ila Stefania alikuwa anamtazama. Alimpenda yule mtoto kwa namna yake, yaani kwa kumkagua kucha, na alijua kwamba shuleni kazi bora itakayotoka kwenye safari hii ingepelekwa kwenye maonyesho Morogoro, na aliyeifanya angekwenda nayo. Levina alishamsimulia mara nyingi jinsi mtoto anavyoitamani. Akakubali, akaenda kununua sabuni.

Safari ilikuwa kama alivyoiogopa, na zaidi. Lori walilopewa lilikuwa limebeba kambale wakavu juzi yake, na harufu ilikuwa imeingia kwenye mbao. Evodius alipanda mbele kwa dereva, akakuta dereva anatafuna vitunguu vibichi. Kwenye pantoni ya Kilombero wote walishuka, na Tadei akawakusanya wanafunzi pembeni akaanza kuwaelezea jambo kwa mikono yote miwili, wao wakimsikiliza midomo wazi. Evodius naye alitaka kusogea asikilize. Lakini mbele yake alisimama mvulana mwenye kamasi, na kamasi lile lilikuwa linapanda na kushuka. Akaenda upande wa pili wa pantoni, akatazama maji. Maji nayo yalikuwa na povu.

Hivi ndivyo alivyokosa habari ambayo kila mtu kwenye lori lile aliijua. Redio ilikuwa imetangaza kwamba nyota mkia ilikuwa imekatika vipande, na siku chache tu zilizopita vipande vile viliigonga sayari ya Mshtarii kimoja baada ya kingine, vikaiachia makovu meusi ambayo hata darubini ya kawaida inaweza kuyaona. Makovu hayo ndiyo waliyokuwa wakiyafuata mlimani. Wakati wa chakula kule misheni Tadei alirudia habari hiyo yote tangu mwanzo. Evodius wakati huo alikuwa nje, amekaa juu ya jiwe alilolipangusa, anakula biskuti zake, kwa sababu ndani aliona mpishi anaonja mchuzi kwa mwiko na kuurudisha mwiko chunguni. Mchagua nazi hupata koroma, lakini hilo nalo hakulijua bado.

Jua lilipozama walipanda kilele. Kulikuwa na baridi na mbingu safi, moshi wa bondeni umebaki chini kabisa. Padri mzee alilisukuma paa, bati likalia, na mavi ya mijusi yakadondoka kutoka kwenye reli. Evodius alirudi nyuma hatua. Ndani mlikuwa na utando wa buibui kila pembe. Padri alitoa kijaluba, akavuta ugoro, akapiga chafya kwenye leso, kisha kwa leso ileile akakipangusa kioo cha darubini, kile cha kuwekea jicho.

Evodius aliyaona yote. Aliugeukia ukuta, akapumua kwa mdomo.

Wanafunzi walipanga mstari. Mmoja mmoja alipandisha jicho kwenye kioo kilekile. Wawili watatu kati yao walikuwa na macho mekundu yanayotoka tongotongo, na hakuna aliyejali. “Naona taa.” “Naona kama yai.” “Inacheza, mwalimu, haitulii.” Walipita haraka, maana baridi iliwauma. Alipofika Stefania mstari ukakwama. Alitazama, akakaa, akatazama tena. Wenzake walimsonya, yeye akawa hasikii. Kila baada ya muda aliinamia karatasi yake kwenye mwanga wa tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, akachora kidogo, akarudi kwenye kioo. Mwishoni alimpelekea mwalimu karatasi, na Tadei aliitazama mpaka miwani ikamteleza.

“Mjomba, njoo uone!” Stefania aliita.

“Nitaona kwenye picha.”

“Hapana, Mjomba, tazama kwa jicho lako, tafadhali. Dakika moja.”

Evodius alikitazama kile kioo: ugoro wa padri, tongotongo za watoto, na sasa jasho la mpwa wake. Hata ungempa nyumba.

“Nimekwambia nitaona kwenye picha,” alisema, na Stefania akarudi kwa wenzake.

Akafunga kamera yake kwenye darubini kwa pete ya chuma aliyopewa na padri, baada ya kuipangusa pete hiyo kwa spiriti. Ndani ya kamera aliona kidoa cha mwanga kinachotetemeka, basi. Akaanza kupiga. Tadei alikuja akasimama karibu naye, furaha imemjaa.

“Fundi, mimi hapa nataka alama,” alimnong'oneza. “Picha isiyo na alama siitaki. Safari yote hii ni alama.”

“Utazipata, mwalimu,” alijibu Evodius, akifikiri moyoni kwamba walimu ni walimu tu, hata mlimani wanawaza kusahihisha.

“Stefania peke yake amepata nne.”

Evodius aliacha kupiga. “Nne tu?”

“Nne ni nyingi, fundi! Wenzake hata moja hawakupata. Mimi mwenyewe na macho yangu haya mabovu sikupata ya kuapia. Padri naye ana mtoto wa jicho. Sasa tunaitegemea picha yako. Ikitoka vizuri, mtoto anakwenda Morogoro.”

Evodius alimwonea mwalimu huruma, mtu mzima anakosa alama kwenye somo lake mwenyewe. Lakini ile nne ilimkaa rohoni. Mtoto wa dada yake, mtoto anayejua kunawa, alama nne! Akaapa kwamba picha itakayotoka kwenye mkono wake itakuwa safi kiasi kwamba hata mwalimu mchoyo kuliko wote atashindwa kumnyima.

Waliporudi Ifakara alioga mara mbili, akachoma soksi, ndipo akaingia chumba cha giza. Picha nyingi zilikuwa ukungu mtupu. Moja tu ilitulia. Aliikuza mpaka Mshtarii akawa sawa na kisahani cha chai, duara jeupe lenye mistari miwili myembamba, kama alivyoiona kwenye kitabu kilichokuwa mezani kwa padri. Moyo wake ulifurahi. Kisha karatasi ilivyozidi kukolea kwenye dawa, yakaanza kutokea chini ya ile mistari madoa. Meusi. Manne, yamejipanga kama mtu aliyeshika ukuta mweupe kwa vidole vya masizi.

“Ugoro!” Evodius alipiga kelele peke yake gizani.

Aliiona leso ya padri. Aliona tongotongo. Kitabuni uso wa Mshtarii haukuwa na takataka hizi. Hizi ni uchafu wa watu, umekaa kwenye kioo na sasa umekuja mpaka ndani ya picha yake, ndani ya nyumba yake. Hakungoja. Picha ilipokauka alivunja wembe, akainama, akakwangua. Alikwangua kwa hasira na kwa mapenzi, doa moja baada ya jingine, akapitisha penseli, akapuliza unga. Alipomaliza, Mshtarii alikuwa na uso wa bibi harusi. Negativu alikuwa ameiweka kwenye bahasha yake bila kuigusa, si kwa busara yoyote, bali kwa sababu mkanda wa Zenit ni mdogo na wembe haupiti.

Picha hakumpa Tadei. Aliingoja siku ya wazazi ili awashangaze.

Siku hiyo ukumbi wa shule ulijaa. Evodius alichelewa, akampelekea bahasha aliyeketi katikati ya meza kuu, naye alikuwa Antoni, sekondi masta, msaidizi wa mkuu wa shule. Kisha akaenda kukaa nyuma karibu na dirisha, mahali penye hewa, akatandika leso kwenye benchi. Mbele kwenye ubao aliuona mchoro wa Stefania umebandikwa. Kutoka pale alipokaa aliona duara tu.

Antoni hakuipenda safari ile tangu mwanzo. Aliiita matembezi, na alisema mbele ya watu kwamba mafuta ya lori yale yangetosha kusaga mahindi ya shule. Alikuwa na tabia ya kulamba kidole kila anapofungua karatasi. Alilamba, akafungua bahasha, akaitazama picha, na uso wake ukachangamka kwa namna iliyomfanya Evodius, bila kujua kwa nini, asogee karibu zaidi na dirisha.

“Wazazi,” Antoni alisimama. “Hapa pana mchoro wa mwanafunzi wetu Stefania, uliopendekezwa kwenda Morogoro. Amechora madoa manne meusi. Anasema aliyaona kwenye darubini. Wenzake wote hawakuyaona. Mwalimu wake hana hakika. Mimi nilisema tangu siku ile, na nasema tena leo: huyu hakuchora alichokiona, amechora alichokisikia. Amechora redio!”

Watu wakacheka.

“Sasa hii hapa ni picha. Kamera haina mdomo, wala haisikilizi redio.” Aliinua picha juu, upande wa pili akainua mchoro aliouchomoa ubaoni. “Doa liko wapi? Njia ya mwongo ni fupi. Stefania, simama. Waambie wazazi ulidanganya, yaishe, tuchague mwingine.”

Stefania alisimama. Akaificha mikono nyuma.

“Niliyaona, mwalimu.”

“Picha hii imepigwa na mjomba wako. Naye amedanganya?”

“Niliyaona.”

“Mwalimu Antoni,” Tadei aliinuka, “nilidhani picha… Alama labda zilikuwa hafifu mno. Mimi namwamini mtoto.”

“Kuamini ni kanisani. Alama zako ziko wapi hapa? Nionyeshe.”

Alama. Neno lile lilimfikia Evodius pale dirishani, likamwingia polepole, kama maji baridi ndani ya kiatu. Alama, nne. Wengine hata moja hawakupata. Picha isiyo na alama siitaki.

Aliangalia ncha za vidole vyake. Vilikuwa visafi kama kawaida, na ndivyo vilivyomtia kinyaa. Aliona ule unga mweusi alioupuliza mezani. Hakuwa amepuliza ugoro wa mtu. Alikuwa amepuliza ukweli wa mtoto wa dada yake, tena kwa wembe mpya. Akamtazama Antoni, midomo yake iliyolowa, furaha yake ya kumwona mtoto wa watu anaaibika, na hakujua ni nani anayemchukiza zaidi kati ya yule bwana na yeye mwenyewe.

Angeweza kunyamaza. Ukumbi ule ulijaa wanawake wenye picha zake sebuleni. Akifumbua mdomo, ule mkono wa heri umekwisha leo. Levina alikuwa amekaa safu ya pili, ameinamisha kichwa, na mabega ya Stefania yalikuwa yanapanda na kushuka.

“Nilizikwangua,” alisema Evodius.

Hakuna aliyesikia. Akasimama juu ya benchi, juu ya leso yake mwenyewe.

“Nilizikwangua mimi! Madoa yalikuwepo. Manne. Nilidhani ni ugoro wa padri.”

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Antoni alisema fundi anamtetea mpwa wake, damu nzito kuliko maji. Basi Evodius akapita katikati ya watu, akigusana na mabega, jasho na mafuta ya nywele ya kila mtu, akamnyang'anya Antoni picha mkononi, ingawa kona yake ilikuwa na mate. Akampa mama mmoja wa mbele, mtu asiyemjua.

“Mama, ilaze hivi, uso wa karatasi upate mwanga wa dirisha. Usiiangalie picha, angalia karatasi. Unaona panapoparuza?”

Mama yule aliilaza, akafinya macho. Akapitisha kidole.

“Pamekwaruzwa,” alisema. “Hapa. Na hapa. Na hapa, na hapa.”

Tadei aliuchukua mchoro wa Stefania akaupeleka pale, akaulinganisha. Mikwaruzo minne, mahali palepale penye madoa manne. Watu wa mbele walisimama, wa nyuma wakasukumana.

“Na negativu?” Tadei aliuliza.

“Ninayo. Sikuigusa. Nitakusafishia nyingine leo hii.”

Kicheko kilikoma, na badala yake kikaja kitu kibaya zaidi kwa Evodius, yaani mnong'ono wa wanawake. Mmoja alisema kwa sauti, “Kumbe na mimi siku ya harusi yangu!” Mwingine akamjibu, “Wewe ulidhani zile chunusi zilikwenda wapi, Roma?” Antoni alikaa, akalamba kidole, akafungua karatasi nyingine kana kwamba ratiba inaendelea. Hakumwomba Stefania radhi, wala hakuna aliyemwambia aombe. Evodius alipita mbele yake akatema mate chini, yeye ambaye hajawahi kutema mate mbele za watu.

Stefania alikwenda Morogoro na picha yenye madoa na mchoro wake pembeni. Mjini watu walimcheka Evodius mwezi mzima. Wanawake wengine walimrudishia picha zao kwa hasira. Wengine walikuja kwa mlango wa uani wakamnong'oneza, “Lakini yangu utaikwangua, eeh?” Nao walimkinaisha kuliko wale wenye hasira, na aliwafukuza.

Mpwa wake hakuja. Alimsalimia akikutana naye njiani, shikamoo na marahaba, akapita. Mpaka Jumamosi moja akaingia studio anakula andazi, akasimama chini ya picha ya ukutani, akaitazama mpaka andazi likaisha.

“Na Bibi je, Mjomba?”

“Bibi kafanyaje?”

“Naye ulimkwangua?”

Evodius alikuwa anafuta lenzi. Akaendelea kuifuta.

“Nilikuwa na miaka saba alipofariki,” alisema Stefania. “Nakumbuka kovu. Nilikuwa nikilala kwake nalishika mpaka usingizi unanijia. Halafu kila nikija hapa naliangalia ukutani silioni. Niliona aibu kuuliza. Nikasema basi, picha haikosei, ni mimi nakumbuka uongo.”

Evodius aliweka lenzi chini. Aliingia ndani, akatoa boksi la zamani, akaipata ile negativu kubwa, akaiinua kwenye mwanga. Mashavu yote mawili, aliyoyakwangua yalingane, yalikuwa yanaonyesha ng'ambo, weupe mtupu. Hii haikuwa Mshtarii. Hapa wembe ulipita kwenye negativu yenyewe, na hakukuwa na nyingine ya kusafisha. Akalijaribu kovu kichwani. Halikuja. Mtu aliyelikimbia shavu lile utoto wake wote, aliyejifuta busu lake kwa kiganja, hakuweza kukumbuka lilikuwa shavu gani. Kinyaa kilimpanda, safi na kikali, na safari hii hakikuwa cha mtu mwingine yeyote.

“Lilikuwa upande gani?” aliuliza, hakumtazama.

“Kushoto,” alisema Stefania mara moja. “Linaanza hapa chini ya jicho, linashuka, halafu linajikunja kama mkono wa kikombe. Nipe penseli, Mjomba.”

Evodius aliishusha picha ya mama yake, akaitoa kwenye fremu, akailaza mezani. Stefania aliinama juu yake akaanza kuchora polepole, kama alivyochora mlimani. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya andazi, na viliacha alama pembeni ya karatasi. Evodius aliziona. Akaishikilia picha kwa mikono miwili isicheze.